Mji wa Mwisho wa Rais wa Muda

Kitendawili.

Hapo nimenyamaza kidogo ili mseme "tega". Kama hamkusema, rudini juu mseme, mimi sina haraka. Mwenye haraka hategi vitendawili, husoma matangazo.

Haya. Nina mgeni nyumbani, hali, hanywi, hanitumi maji, na akinyamaza nyumba huwa kubwa.

Ni redio. Kwa hicho sitawadai mji, nimekitega kuwaonyesha njia tu. Lakini habari ya kudai mji nitawaeleza, maana ndiyo iliyotaka kuipindua nchi yetu, na mimi Mwantumu binti Mwinyikai, niliyeishia darasa la nne, nikajikuta katikati yake nimevaa kanga ya kufagilia.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si woga. Jina hubadilishwa kila baada ya uchaguzi ili nchi ionekane mpya, na sitaki mlitafute kwenye ramani ya mwaka jana mkaniona mwongo. Niseme tu kwamba ni nchi ya amani, na amani yenyewe inalindwa na watu wengi wenye bunduki, isije ikatoroka.

Rais wetu anaitwa Rais wa Muda. Alikikalia kiti kwa muda, mwenyewe alisema hivyo, mpaka mambo yatulie. Siku hiyo mimi nilikuwa najifungua kitindamimba wangu. Kitindamimba huyo sasa ana miaka thelathini na moja, na upara. Kila mwaka wa tano tunafanya uchaguzi ili kutazama kama muda umekwisha, na kila mara Tume ya Uchaguzi na Shukrani hutazama kwa makini sana, ikakuta bado.

Uchaguzi uliopita mvua ilinyesha, masanduku yakalowa, basi Tume ikahesabu barua za pongezi badala ya kura. Barua zilizidi idadi ya watu, jambo lililoonyesha upendo. Bunge likatunga sheria palepale kwamba barua ya mwananchi yenye stempu ina nguvu sawa na kura, na haiwezi kutenguliwa na mtu yeyote milele. Ishikeni sheria hiyo, wajukuu zangu. Tutaihitaji mbele.

*

Sasa nimseme Fikirini.

Fikirini Mwaruwa alikuwa msomaji wa hali ya hewa katika redio ya taifa. Mwaka mmoja alitabiri mvua siku ya kuzaliwa Rais wa Muda, na mvua ikanyesha kweli. Wakubwa waliona amefanya makusudi. Wakamwondoa kwenye mvua wakampa adhabu, kipindi cha vichekesho kila Alhamisi saa kumi alasiri, saa ambayo wananchi wote tunahesabiwa kuwa mikutanoni.

Wachekeshaji wengine hutukana, ukicheka unatazama dirishani. Yeye hakumtukana mtu. Alisifu. Aliisifu Barabara ya Kaskazini: alisema waongo wanadai ina mashimo, kumbe ina shimo moja tu, lenye urefu wa kilomita arobaini, na limekamilika kabla ya wakati. Aliisifu hospitali mpya kwa usafi, akasema hata dawa hazijawahi kuichafua. Alilisoma tangazo la serikali neno kwa neno, bila kuongeza hata nukta, akakohoa mara moja mwishoni, na mimi nikalazimika kushika ubavu. Alikuwa na sauti ya mtu anayekuletea chai huku akijua nyumba inaungua, na hataki uimwage.

Lakini si hayo yaliyonifunga kwake. Mwisho wa kila kipindi alitega kitendawili. Alisema "Kitendawili," kisha akanyamaza. Si kunyamaza kwa kuvuta pumzi. Alinyamaza kama mtu anayesubiri, kiasi cha mwanamke mzee anayesuka mkeka kutoa ukindu mdomoni, akaweka ukili chini, akasema "Tega". Kisha ndipo akaendelea, kana kwamba amenisikia.

Wakubwa wa redio, nasikia, walipima pengo lile kwa saa wakakuta ni sekunde nne za umeme wa serikali zinazopotea bure kila wiki. Mimi hazikunipotea. Marehemu mume wangu, Shomvi, ndiye aliyekuwa akiniambia tega. Hakuwa hodari wa kufumbua, maskini. Katika ndoa yetu alinipa miji yote ya nchi hii na mingine ya Uarabuni. Alipofariki nikagundua kwamba kitendawili ni kama msumeno wa miti mikubwa, hauvutwi na mtu mmoja. Watoto wangu wote wako ng'ambo. Hupiga simu sikukuu, na simu ya huko ina mwangwi, ukisema "kitendawili" inakurudishia "kitendawili".

Kwa hiyo miaka tisa nilikuwa nikijibizana na redio, na siku nikishindwa natembea hadi posta na barua ya mji. Ndiyo desturi, wala haikutungwa na Fikirini: aliyeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji huuendea kwa mdomo, anaula, anausifu, ndipo anarudi na jibu. Bila mji hakuna jibu. Wengine waliandika Bandari Kavu, wengine Mlangowazi. Mimi siku zote niliandika Kisimani, mji wetu wenye mitaa miwili, soko moja na kisima kilichokauka. Na watu wa hapa wote walijua kwamba Kisimani ni wa Bi Mwantumu kuutoa, hawakuugusa.

Nilikuwa na sharti langu moja. Kitendawili ninachokijua sikitolei mji. Kumpa mtu mji na jibu unalo ni sawa na kumwambia mgeni hujapika, na sufuria iko uvunguni.

Siku moja Fikirini alisema redioni, "Nimekwenda Kisimani kwa Bi Mwantumu, nimekula mkate wa kumimina, nimekunywa maji ya kisima ambacho hakina maji. Bi Mwantumu, miguu bado inauma?" Nikamjibu inauma, mwanangu, hasa huu wa kushoto. Akasema, "Pole sana." Wiki nzima sikuhitaji mtu.

*

Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Mjumbe Makange, mjane kama mimi, mwenye kazi ya kuandika kila tunachosema kwenye nyumba zake kumi. Kila Ijumaa alipeleka ripoti kwamba Bi Mwantumu wa nyumba namba nne anajibizana na redio. Yeye mwenyewe alikuwa na redio. Aliifunika kwa shuka ili isisikike, na kila Alhamisi saa kumi niliisikia ikinong'ona upande wa pili, ikinyamaza pamoja na yangu. Hakuwahi kujibu. Mtu wa serikali hawezi kusema "tega" bila kibali.

Uchaguzi ulipokaribia tulipima mambo juu ya ukuta, yeye amepanda kinu na mimi nimepanda kigoda. Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza ni Rais wa Muda. Wa pili ni shemeji yake, aliyeahidi kwamba akishinda atajiuzulu siku hiyohiyo kwa heshima. Wa tatu alikuwa ameshafariki, ila jina lake halikuondolewa, kwa kuwa familia ilishalipia fomu.

Nilimwambia Makange mimi nampa marehemu nafasi kubwa, hana kashfa mpya.

"Bi Mwantumu, marehemu hana wafuasi vijijini."

"Jirani, kijiji gani hakina makaburi?"

Akafikiri. Akasema analazimika kuandika nimesema hivyo. Nikamwambia aandike, ila safari hii aandike jina vizuri, mara ya mwisho ripoti ilisomeka Mwanatumu na ofisa wa wilaya alimfuata mwanamke mwingine kabisa.

*

Alhamisi mbili kabla ya kupiga kura, Fikirini akatega.

"Kitendawili."

Nikatoa ukindu. "Tega."

"Harusi kila mwaka wa tano. Mchango tunatoa sote, pilau tunapika sote, ngoma tunacheza sote. Bwana harusi ni yuleyule, na bibi harusi haulizwi."

Nyumba ikawa kimya. Nikasikia mji mzima umekuwa kimya. Mwuza nyama alikuwa na kisu hewani akakisahau huko. Mwalimu mkuu aliwaambia watoto waende wakacheze, na walikuwa wameshatoka shule tangu saa nane. Upande wa pili wa ukuta shuka likasukumwa juu ya redio, na juu ya shuka, nadhani, mto.

Hakuna aliyeshindwa. Mtoto wa chekechea alikuwa na jibu. Lakini kulisema? Kwa hiyo wananchi wote, kwa mara ya kwanza tangu nchi iumbwe, wakafanya jambo moja bila kuamrishwa. Wakajifanya wajinga. Posta walipanga foleni hadi barabarani, kila mmoja na barua yake yenye stempu: Tumeshindwa, ndugu Fikirini, tunakupa mji. Kadiri mtu alivyokuwa mwoga ndivyo alivyotoa mji mkubwa. Mkuu wa mkoa mmoja alitoa mkoa. Mjumbe Makange alipita mlangoni kwangu na bahasha kifuani, akaniambia anakwenda kununua chumvi. Posta hawauzi chumvi.

Mimi nilikaa na karatasi mezani wiki nzima. Kutoa mji sikuweza, jibu ninalo. Kuandika jibu sikuweza, nina shingo moja. Nikaiacha karatasi nyeupe.

Alhamisi iliyofuata Fikirini alikula miji mpaka nikahofia tumbo lake. Alipomaliza akasema, "Nchi yote nimepewa isipokuwa mji mmoja. Kisimani hawajaniambia kitu, na jibu silitoi mpaka nijue. Bi Mwantumu, ama unaumwa, ama unalo. Nakusubiri."

Akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Ukindu ulikuwa mdomoni, nikauuma. Miaka tisa pengo lile halikuwahi kupita bure, siku ile likapita. Nikasikia kiti kinaburutwa huko redioni, mtu akasema "Twende," kisha bendi ya polisi ikaanza kupiga, ikapiga siku nne bila kupumzika.

*

Kosa walilolifanya wakubwa, nawaambia, hakuna nchi nyingine ingeweza kulifanya, kwa kuwa hakuna nchi nyingine yenye wanasheria hodari kama wetu.

Walipeleka magunia ya barua Tume ili wawatambue wachochezi. Tume ilipoona barua zenye stempu, ikazihesabu, maana ndiyo kazi yake. Ikafungua sheria. Barua ya mwananchi yenye stempu ina nguvu sawa na kura, haiwezi kutenguliwa milele. Kwa hiyo Fikirini Mwaruwa, ambaye hakugombea kitu, alikuwa amekabidhiwa kihalali nchi nzima, pamoja na ikulu. Wakitaka kuzifuta barua hizo, wafute na zile za pongezi, na hapo Rais wa Muda angekuwa ameketi miaka mitano kwenye kiti cha watu. Wakamshitaki Fikirini kwa kumiliki taifa bila leseni, lakini shitaka lenyewe likathibitisha kwamba analimiliki.

Mwanasheria Mkuu akapekua desturi, akatoa shauri. Mji uliotolewa kwa kitendawili unarudi ikiwa kitendawili kitafumbuliwa, na wa kukifumbua awe mtu ambaye hajatoa mji. Wakatazama orodha. Mtu huyo alikuwa mmoja. Na hadi atakapopatikana, Rais wa Muda hakuwa na ardhi ya kutawala popote isipokuwa Kisimani.

Jumanne asubuhi nikafungua mlango nimwage maji ya vyombo, nikakuta makao makuu ya nchi.

Ikulu iliwekwa shule ya msingi, darasa la pili, kwa kuwa ndilo lenye mlango. Jeshi lilikaa sokoni. Wizara ya Fedha ilipewa banda la kuku la Mjumbe Makange, na mali yote ya wizara ikatosha, kuku hawakuhitaji kuhama. Mabalozi wa nchi za nje walipanga mstari mbele ya kisima kikavu wakakipiga picha. Mtaani kwangu kulijaa watu ambao sijawahi kuwaona wamevaa tai, wote wana shughuli, wote wananisalimia "shikamoo bibi" bila kusubiri marahaba. Miaka tisa niliomba Mungu anipe watu. Nadhani sikueleza vizuri.

Katibu wa Tume, Bwana Mbaruti, alisimama juu ya gari akahutubia.

"Ndugu wananchi wa taifa hili, ambalo kwa sasa ni mtaa huu na ule wa nyuma. Serikali haijapungua. Serikali imejikusanya. Hata ngumi, ndugu wananchi, kabla ya kutua hujikusanya kwanza."

Tukapiga makofi. Mwuza nyama alipiga sana, ndiye aliyetoa Bandari Kavu.

Baada ya hotuba Katibu akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda cha marehemu Shomvi bila kuuliza. Akatoa karatasi yenye muhuri. Alikuwa mpole, alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto dawa. Kesho mbele ya umma nitasimama kwenye kipaza sauti niseme jibu lililoandikwa pale. Miji itarudi, uchaguzi utafanyika kwa amani, na Fikirini ataachiwa.

Nikaisoma. Ilisema: Jibu ni kuku na vifaranga vyake.

"Baba," nikamwambia, "kuku gani anafanya harusi kila mwaka wa tano?"

"Bibi, hilo si swali la Tume."

"Na nikisema jingine?"

"Lipo jingine?" akauliza, akanitazama. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Yule bwana alikuwa nalo. Alikuwa nalo kama sisi sote.

Nikamuuliza kama Fikirini akiachiwa atarudi redioni Alhamisi saa kumi. Akasema serikali inapenda vichekesho. Nikasema basi nina sharti. Kwa kitendawili hajibiwi mtu mwingine, hujibiwa aliyekitega. Wamlete akitege mwenyewe, mbele yangu. Akaenda kuuliza ikulu, darasa la pili, akarudi amekubaliwa.

Siku ile nililipima sana jambo hilo. Nikisema kuku, namrudisha mtu wangu kwenye sanduku lake, na kila Alhamisi atanisubiri, naye atajua kwamba mtu anayemsubiri ni mwongo. Nikisema kweli, sijui itakuwaje. Nilimkumbuka Shomvi. Alikuwa akishindwa anashindwa kwa uso mkunjufu, hajawahi kunidanganya kwamba hajui.

*

Walitandika zulia uwanjani, likaishia katikati ya uwanja kwa kuwa lilikatwa kwa ajili ya ikulu ya zamani. Rais wa Muda aliletwa akaketi. Sikuwa nimewahi kumwona ila kwenye noti. Kwenye noti ana nywele. Alikuwa mzee, anameza mate mara kwa mara, na chini ya meza amechomoa kisigino cha kushoto kwenye kiatu. Nikajua mguu ule. Mimi ninao.

Fikirini aliletwa kutoka gari jingine. Mtu mfupi, shati kubwa. Nilikuwa nimemwazia mrefu. Tulitazamana kama watu waliolelewa nyumba moja wakatenganishwa wachanga. Watu wa Kisimani wote walikuwepo, Makange mstari wa mbele na daftari lake.

Katibu akasema mwananchi mpenda amani Bi Mwantumu sasa atajibu. Fikirini akapewa kipaza sauti.

"Kitendawili," akasema.

Akanyamaza. Nimelisikia pengo lile mara nyingi kutoka kwenye sanduku. Kulisikia uwanjani, na upepo unapita ndani yake, ni kitu kingine.

"Tega," nikasema. Halafu nikaongeza, "Nisamehe, mwanangu. Alhamisi ile nilinyamaza."

"Nilidhani ni miguu, bibi."

Akatega vilevile, harusi, mchango, pilau, ngoma, bwana harusi yuleyule, bibi harusi haulizwi. Sauti yake haikutetemeka ila kwenye pilau.

Katibu akanionyesha kuku kwenye karatasi kwa kidole.

"Uchaguzi," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani mbingu itapasuka, haikupasuka. Mbuzi mmoja alipita. Niliwaona watu wakitazama chini kama watu walioulizwa nani ana njaa, na wote wana njaa.

"Umepata," Fikirini akasema taratibu.

Katibu akarukia kipaza sauti, akasema bibi amechanganyikiwa kwa jua, jibu ni kuku. Lakini Mwanasheria Mkuu akamvuta koti. Walinong'ona, kipaza sauti kikiwa wazi, kwa hiyo sote tulinong'onewa. Jibu likiwa kuku, mtegaji hajalikubali, na miji haijarudi. Jibu likiwa hili alilosema bibi, mtegaji amekubali mbele ya mabalozi, na miji yote imerudi sasa hivi. Mtukufu achague: kuku bila nchi, au nchi na jibu.

Rais wa Muda alikuwa hasikii vizuri. Akaniita kwa mkono nisogee. Ananuka dawa ya kuchua, ileile ninayotumia mimi.

"Huyo bwana harusi," akaniuliza, "anajisikiaje?"

"Amechoka, Mtukufu. Hata viatu vinambana."

Akaitazama meza muda mrefu. Nilidhani atasema kitu ambacho angekisema mtu. Akafungua mdomo. Katibu akamwekea kalamu mkononi, na mkono, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, ukasaini.

*

Ndivyo ilivyochapishwa katika Gazeti la Serikali, kurasa zote, kwa wino mweusi na sahihi ya Mtukufu: kwamba harusi ambayo tunachanga sote na bwana harusi ni yuleyule jibu lake sahihi, halali na la mwisho ni Uchaguzi Mkuu wa Rais, na kwamba kwa jibu hilo nchi imerudi kwa mwenyewe. Watu walilinunua gazeti lile kuliko sukari. Lilikuwa la serikali, hakuna aliyeweza kukamatwa kwa kulisoma kwa sauti, na walilisoma kwa sauti sana. Kisha siku ya uchaguzi ikafika, tukajipanga, tukachanga, tukacheza. Rais wa Muda alishinda. Marehemu alishika nafasi ya pili, na kwa Kisimani peke yake alikuwa wa kwanza, nasikia wanachunguza.

Kwangu hawakuja kunikamata. Mwanasheria Mkuu aliona wakinifunga kwa jibu lile, wamfunge na aliyelisaini.

Fikirini waliahidi kumwachia, wakamwachia. Siku hiyohiyo wakampandisha cheo. Ni balozi wetu katika kisiwa fulani chenye ndege wengi wa baharini na mnara mmoja wa taa. Hakina watu. Atawakilisha, walisema, kwa kipindi cha muda.

Makao makuu yalirudi yalikotoka. Waliondoka asubuhi moja, wakaacha nusu ya zulia na nyayo nyingi. Nilifagia uwanja wangu hadi saa sita, nikamaliza, nikakuta sina kingine cha kufagia.

Alhamisi saa kumi nikafungua redio. Kipindi kilikuwepo, serikali inapenda vichekesho. Kijana mpya, sauti nzuri, na nyuma yake wamemwekea vicheko vya watu ambao hawapo. Mwisho akasema, "Kitendawilitega! Kuku wangu na vifaranga, jibu tunalo, asanteni sana!" Nilikuwa hata sijatoa ukindu.

Nikafunga redio. Nyumba ikawa kubwa. Upande wa pili wa ukuta nayo ikafungwa, nikasikia shuka likikunjwa, taratibu, pembe kwa pembe, kama linalokunjwa likawekwe sandukuni.

Sijui kilichoniingia. Mtu akizoea kupiga hodi, hupiga hata nyumba ikiwa tupu. Nikatoka uani, nikaukalia mkeka, nikaukabili ukuta, nikasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Kitendawili."

Nikanyamaza. Nikasubiri kama nilivyofundishwa kwa miaka tisa, bila haraka. Sekunde nne zikapita, za kwangu mwenyewe, si za umeme wa serikali. Zikapita nne nyingine. Kuku wa Wizara ya Fedha akalia. Nikainama kuuchukua ukili wangu.

"Tega," ukuta ukasema.

Alilisema vibaya, maskini Makange, kama mtu anayeitikia hodi ya nyumba isiyo yake. Akakohoa. Akalisema tena, safari hii sawasawa.

Nami nikatoa ukindu mdomoni.